Sumaku ya Spika

Kivuko kilipoondoka Bweni, Praxeda alikumbatia sinia jipya la stenlesi la kuwapakulia wakwe Jumamosi. Alikuwa akilirudisha dukani Pangani, kwa sababu sumaku ya spika mbovu ilikuwa imelinasa.

Kando yake, Bi Shamsiya alimwinulia sufuria yake fundi mmoja wa mageti, ambaye hakumjua. "Stenlesi gani inanasa sumaku? Nimepigwa!"

Fundi akacheka. "Hujapigwa, mama. Hii ya bei nafuu haina nikeli, ndiyo maana inanasa. Kinachozuia kutu ni kromi, nayo imo. Pikia pilau, ila usiiache imelowa maji ya chumvi."

"Wewe na mwenye duka lenu moja!"

Walikuwa bado wanabishana kivuko kilipogusa Pangani. Abiria wengine wote wakashuka. Praxeda alibaki kitini na sinia lake, akingoja kivuko kigeuze kurudi Bweni.