Miaka Thelathini na Saba ya Papa Albert, Mwimbaji wa Roki wa Ghorofa ya Pili

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Bwana Albert Pickersgill anastaafu rasmi baada ya kuitumikia nyumba ya wazee ya Sheldrake, hapa Kenmore, karibu na Buffalo, Marekani, kwa miaka thelathini na saba. Aliajiriwa Machi 1988 kama dereva, akawa mpiga piano, kisha msimamizi wa muziki. Anaondoka akiwa na miaka themanini na minne, mkubwa kwa umri kuliko nusu ya wazee anaowaburudisha. Jina lake la ukoo limewashinda wengi wetu kulitamka, naye amekwisha kukata tamaa ya kutusahihisha. Kwetu ni Papa Albert.

Ofisi imetaka wasifu huu uandikwe kwa lugha mbili, kwa kuwa wengi wetu hapa tunazungumza Kiswahili. Wa Kiingereza uko nyuma ya karatasi hii na una tarehe zote. Huu wa kwetu nimepewa mimi wa jikoni, kwa sababu Papa Albert amekula kwangu kila siku ya kazi tangu nilipoanza hapa, na hajawahi kurudisha sahani yenye kitu. Wengi mnajua pia hofu tuliyokuwa nayo kuhusu kustaafu kwake: kwamba siku akitoka, kuimba kwetu kazini kutatoka pamoja naye. Nitafika huko, lakini nianze na kijana mwenye nywele nyingi.

Albert alizaliwa mwaka 1941 katika mji wa bandari wa Hull, Uingereza, baba yake akiwa mpakiaji wa mizigo. Alikuwa na miaka kumi na saba, akiimba kwa gitaa la kuazima katika mgahawa wa vijana, pale meneja mmoja wa London alipomwona. Wakati huo muziki wa roki ndio kwanza unaingia Uingereza, na mameneja walikuwa wanaokota vijana wenye sura nzuri, wanawabadilisha nywele, wanawabadilisha majina, wanawapandisha jukwaani. Pickersgill likaondolewa siku hiyohiyo. Albert akalala Albert, akaamka Denny Gale, yaani Denny Dhoruba, na koti jipya linalometameta.

Mwaka 1959 santuri yake iliingia katika nyimbo kumi bora ikakaa humo wiki tatu. Nimemuuliza wimbo ulihusu nini. Alisema ulihusu msichana na pikipiki, na kwamba pikipiki ndiyo iliyopewa beti nyingi. Kwa miaka miwili alizunguka Uingereza yote. Wasichana walilia, walizimia, na katika ukumbi mmoja walimng'oa mkono mzima wa koti wakaondoka nao. Tukimwangalia leo, anavyovaa sweta mbili mwezi wa Mei, tunamwamini kwa heshima tu.

Majira ya baridi ya 1962 meneja alimleta Marekani kuimba katika miji mitatu. Louisville ukumbi ulijaa nusu. Columbus ulijaa robo. Buffalo theluji ilikuwa imeanguka siku mbili mfululizo, na waliofika kusikiliza walikuwa wachache kuliko waliokuwa jukwaani. Asubuhi yake meneja hakuonekana hotelini. Alikuwa ameondoka na tiketi zote za kurudi, na jina pia lilikuwa lake, maana walikuwa wamekubaliana hivyo: Albert hakuruhusiwa kuimba popote kama Denny Gale bila yeye. Kwa hiyo alibaki kijana wa miaka ishirini na mmoja, bila jina, bila nauli, ndani ya koti la jukwaani, katika baridi ya Buffalo. Sisi tulioshuka uwanja wa ndege wa mji huohuo mwezi wa Januari na ndala za kambi ya wakimbizi hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Aliyemwokota ni dada aliyekuwa akiuza tiketi mlangoni, Rosemary, mwenyeji wa hapahapa Kenmore. Alimpeleka kwa wazazi wake akalala kwenye kochi, na mwaka uliofuata wakaoana. Mama Rosemary husema alimwonea huruma kwanza, mapenzi yakaja baadaye. Papa Albert husema ilikuwa kinyume, na hapo huwa tunawaacha wabishane. Alifanya kazi katika kiwanda cha chuma mpaka kilipofungwa, akaja Sheldrake kuendesha gari la wazee. Siku moja mpiga piano hakufika, Albert akaketi akapiga, na tangu siku hiyo funguo za gari alipewa mtu mwingine.

Ila hakuimba. Kwa miaka karibu thelathini alipiga piano mdomo umefungwa, wazee wakiimba wao. Akiulizwa, alisema sauti ilikuwa ya Denny Gale, na Denny Gale hajulikani aliko.

Mimi na Charlotte Bahizire tuliajiriwa mwaka mmoja, 2013, mimi jikoni, yeye kuhudumia wazee ghorofa ya pili. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, yeye ametoka Uvira, Kongo, na watoto wanne. Siku moja mezani Papa Albert alitusimulia mambo ya ujana wake: kumbi zilizofurika, wasichana wakilia na kuanguka chini. Nilimtafsiria Charlotte, maana Kiingereza chake kilikuwa cha miezi mitatu. Alisikiliza kwa makini sana, kisha akauliza: "Donc bale babinti balikuwa banaanguka. Bon, nani alikuwa anabaombea?" Nikauliza kama nilivyotumwa. Papa Albert alifikiri kidogo akajibu kwamba hakuna, polisi ndio waliowabeba nje.

Charlotte aliridhika kabisa. Huko tulikotoka, mtu akiimba na watu wakalia na kuanguka, huyo ni mwinjilisti, na kama polisi waliitwa basi mkutano ulikuwa mkubwa. Habari zikaenea. Karibu mwaka mzima tulimwombesha kabla ya chakula cha mchana. Yeye alidhani ni desturi yetu mkubwa kwa umri aombe, akaomba kila siku, kwa ufupi: asante kwa chakula, asante kwa waliokipika, amina. Sijawahi kusikia mchungaji anayekumbuka wapishi kila siku. Ukweli ulijulikana Mama Rosemary alipoleta picha ya zamani: Denny Gale amepiga magoti nusu, nywele zimesimama, suruali imembana. Charlotte aliifunika kwa kiganja akacheka mpaka akakaa chini. Hata hivyo kesho yake alimwambia aombe tu kama kawaida.

Sasa kwaya. Mtu asiyetujua aelewe kwamba kwaya zetu haziendi mbele ya kanisa kwa kutembea tu. Zinaingia kwa mwendo, hatua mbili, kusita, hatua nyingine, makofi yakiitikia, mpaka wa mwisho afike. Charlotte huimba katika kwaya ya kanisa letu pale mtaa wa Kensington-Bailey, na mwendo huo aliuleta kazini. Alikuwapo Mzee Stanley, dereva wa basi mstaafu, ambaye alimtukana kila aliyemshika mkono asubuhi. Charlotte hakumshika. Alisimama mlangoni akaanza wimbo wa kuingilia, mzee akainuka. Akainuka wa chumba cha pili, kisha wa tatu. Ikawa kila saa mbili na nusu asubuhi wanaingia chumba cha chakula kwa mstari, na ndala zao na vigari vyao vya kutembelea, kama kwaya ya Pasaka.

Mwaka 2017 ndugu wa mmoja wa wakazi alilalamika kwamba wafanyakazi wanaimba kwa lugha ya kigeni na huenda wanawacheka wazee. Uongozi wa wakati ule ukabandika tangazo: hakuna kuimba koridoni, hakuna lugha isipokuwa Kiingereza. Charlotte alionywa mara moja, akaambiwa ya pili ndiyo ya mwisho. Alinyamaza. Mzee Stanley akakataa kutoka kitandani siku ya kwanza, akakataa siku ya pili. Nilimkuta Charlotte amesimama nje ya mlango wake, trei ya chai mikononi, machozi yanamtoka. Aliniambia: "Nikiimba nafukuzwa. Nikinyamaza, huyu mutu anakufia pale."

Siku ya tatu Papa Albert aliacha piano yake chini, akapanda lifti. Mkuu wa zamu alikuwa amesimama palepale koridoni. Mzee wa miaka sabini na sita akafungua mdomo, akaimba wimbo wa kuingilia wa kwaya yetu, kwa Kiswahili cha Charlotte na matamshi ya Hull, huku kiuno kikifanya mambo ambayo kwaya yetu haijawahi kuyafanya. Sauti ilikuwa na kutu, lakini ilikuwa kubwa na ilikuwa yake. Mzee Stanley alitoka. Mkuu wa zamu akasema itabidi naye aandikiwe onyo. Papa Albert alijibu kwamba hilo halina shida, ila waandike Pickersgill, kwa herufi zote.

Vikao vikafuata, na mwisho uongozi ukakubali: kuimba ghorofani kutahesabiwa kuwa sehemu ya ratiba ya muziki, chini ya jina lake, yeye akiwajibika. Tangu hapo tumeimba kwa amani. Lakini ruhusa ilisimama juu ya mtu mmoja mzee, na kila alipokohoa sisi tulitazamana.

Tangu siku ile akawa mtu wa kwaya. Kiswahili chake kimejaa "bon" na "donc" za Wakongo, na sisi Warundi tumejaribu kukinyoosha bila mafanikio. Alisafiri nasi kuimba Columbus, na yale makosa ya Charlotte yalikuwa yamemtangulia: Mchungaji Byamungu, katika ukumbi ambao kanisa lake huuazima kule mtaa wa Clintonville, alimkaribisha kama mwinjilisti mashuhuri kutoka Uingereza, na kina mama wakapanga mstari na watoto wa kuombewa. Papa Albert aliwabeba mmoja mmoja, akawasifu kwamba ni wazito, akawarudisha. Mwaka uliofuata tuliimba Louisville. Ukumbi ulijaa mpaka nje, akapiga kinanda akilia waziwazi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Mwaka 2022 alitangaza kustaafu. Ofisi ikaeleza, bila ubaya, kwamba nafasi yake lazima ichukuliwe na mwenye cheti cha kuongoza shughuli za wazee. Asipopatikana, ratiba ya muziki itafungwa na koridoni tutarudi kwenye sheria ya zamani. Charlotte akajiandikisha katika mafunzo. Mtihani ulikuwa wa Kiingereza, akaanguka. Papa Albert akaenda ofisini, akasogeza tarehe mwaka mmoja. Charlotte akaanguka tena, Papa akasogeza tena. Alisema Mama Rosemary hamtaki nyumbani mchana, nasi tukacheka, kila mtu akijua kwamba anamsubiri Charlotte. Wakati huo mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, na baada ya chakula alisinzia palepale kwenye kiti cha piano. Lakini saa nane hakukosa. Walikaa kwenye meza yangu, kati ya viazi na vitunguu, yeye akiuliza maswali ya mtihani, Charlotte akijibu, na watoto wa Charlotte siku za likizo wakimsahihisha mama yao kwa Kiingereza cha shuleni mpaka akawafukuza.

Kabla ya mtihani wa tatu Charlotte alitaka kuacha. Nilikuwa namenya viazi nikasikia. Alisema, "Papa, wende upumuzike. Miye nitabakia tu na kuogesha bazee, haiko mubaya." Papa Albert alifunga kitabu. Akamjibu kwa Kiswahili kilekile alichomfundisha: "Miye baliniachaka hapa, mu hii muji, mutu mwenye tiketi zote. Siwezi fanya vile kwa mutu." Kisha akafungua kitabu tena, akauliza swali lililofuata.

Mwezi wa Aprili mwaka huu Charlotte alifaulu. Papa Albert alimpa mkono, akauvuta akamkumbatia, akavaa sweta yake ya pili, akaenda ofisini kuomba Ijumaa ya mwisho ya Juni.

Kwa niaba ya jikoni, dobi, ghorofa zote mbili na kwaya nzima, tunakushukuru, Papa Albert. Tunamshukuru Mama Rosemary kwa kochi la 1962, na kwa kukuazima kwetu muda mrefu kuliko tulivyostahili. Tunawatakia wote wawili afya, asubuhi za kulala mpaka mchoke, na maisha mema yenye kelele za kutosha. Sahani yako jikoni haipewi mtu.

Jumatatu asubuhi Charlotte ataanza kazi kama msimamizi wa muziki wa Sheldrake, na wazee watakwenda kula wakiimba, chini ya jina la Bahizire. Nenda nyumbani, Papa. Hukumwacha mtu.

Joselyne, jikoni