Mama Zima na Feni Iliyopoza Viti

Mimi nina miaka sabini na tatu. Nimedumu kuliko boila mbili, jenereta tatu na wakurugenzi sita, ingawa wakurugenzi hawakufa, walihamishwa tu. Mimi mwenyewe walinistaafisha zamani, wakanirudisha haraka pampu zilipowashinda. Kwa hiyo walipotafuta wa kumwandikia Mwalimu wetu maneno ya kumuaga katika jarida hili, mtu mwingine hakuwepo. Karani alijitolea kunisaidia kuandika. Nikamwambia abaki na kalamu yake, yangu inatosha, hata kama inakwenda polepole.

Mwalimu, ambaye mafundi wote tunamwita Mama Zima, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Kazi yake ilikuwa kutufundisha sisi tunaoendesha majengo, watu wa pampu, wa viyoyozi na wa taa, jinsi ya kuliendesha jengo la zamani lisile umeme kama mgeni asiyejua bei ya chakula. Siyo kujenga jipya. Jipya hata mjinga anaweza. Darasa lake liko chini kabisa, ukipita chumba cha pampu. Nasikia akiondoka litafungwa, liwe stoo. Hilo nitalirudia, msinikatize.

Mimi na yeye tulianza vibaya. Wakati ule nilikuwa mkuu wa mitambo wa jengo hili la ghorofa saba, na sifa yangu ilijulikana: mitambo yangu haizimwi. Iwe usiku, iwe sikukuu, inanguruma. Kisha wenye jengo wakasema linakula umeme kupita kiasi, bora lifungwe na watu wahamie kwingine. Uongozi ukamleta yeye na wanafunzi wake, mafundi wa majengo mengine, waje kujifunzia hapa. Kwenye mitambo yangu! Nilivimba kama mpira. Watu wakaanza kunong'ona kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Sikio langu hili mpaka leo linasikia beringi ikianza kulia kabla haijalia.

Siku ya kwanza hakugusa kitu. Alivua viatu, akakaa sakafuni karibu na pampu, akafumba macho. Nikadhani amelala. Nikakohoa. Akasema, macho bado yamefumba, "Mzee wangu, hii pampu inamsukumia nani maji saa hizi?"

Nikamjibu, "Binti, pampu haiulizwi inamsukumia nani. Inasukuma."

Wanafunzi wakacheka. Mpaka leo nasema walimcheka yeye.

Somo lake lilikuwa moja, mengine yote yalizaliwa humo. Kama hujui mashine inamfanyia nani kazi, izime, ukae ungoje kelele. Isipokuwa vifaa vya kuzimia moto na lifti, hivyo havifanyiwi mzaha. Kelele ikija, washa haraka, omba radhi, halafu iandike kwa chaki: INA MWENYEWE. Kelele isipokuja, basi ilikuwa inahangaika bure.

Si kwamba hakukosea. Aliwahi kuzima pampu ndogo ya ghorofa ya sita iliyoonekana haina kazi. Haukupita muda, kelele ikashuka ngazini. Mkurugenzi wa wakati ule alikuwa na bafu lake ofisini, na wakati huo alikuwa na sabuni kuanzia kichwani mpaka machoni. Mama Zima akapanda ngazi mbio na ndoo ya maji, akaipitisha mlangoni huku ameangalia pembeni, akaomba radhi, akashuka, akaandika chaki yake. Maandishi yapo mpaka leo. Mfagiaji ana amri yangu asiyafute.

Sasa njooni kwa Simba. Simba ni feni kubwa ya paani, niliyoipenda kuliko mashine zote. Nikaapa mbele ya darasa kwamba Simba akizimwa, watu wa uhasibu watashuka wakitambaa kwa kukosa hewa. Nikishindwa, nitambebea Mwalimu begi lake mwezi mzima.

Simba akazimwa. Nikakaa mlangoni pa karakana nikisubiri. Kimya. Kesho yake, kimya. Nikaona niisaidie haki kidogo, nikapanda uhasibu, nikamuuliza mhasibu mkuu, "Dada, hili joto mnalivumilia vipi?"

Alikuwa amevaa sweta, na skafu juu yake. Kiyoyozi cha dirishani kilikuwa kinampuliza. "Joto lipi, mzee? Sisi humu tunaota ndoto za jua."

Mama Zima akasema, "Basi tumfuate Simba tujue upepo wake unakwenda wapi." Tukalifuata bomba lake la bati juu ya dari, tochi mkononi, mpaka likazama ukutani. Nyuma ya ukuta palikuwa na chumba kilichogawanywa zamani, kikafungwa, kikasahaulika. Tukafungua. Viti vibovu, vimepangwa mpaka darini. Miaka yote ile Simba alikuwa akivipulizia baridi viti visivyo na miguu. Darasa zima lilikaa chini kwa kicheko.

Mimi nasema hivi, na nitasema mpaka nizikwe: hakuna hata kiti kimoja kilichoota ukungu. Na begi nilibeba kwa sababu lilikuwa zito na mimi nina nguvu.

Kwa mtindo huo tukaendelea, tukazima hiki, tukapunguza kile, mpaka umeme ukashuka na wenye jengo wakatuma mtu aje kuangalia kama mita imeharibika. Jengo halikufungwa. Nimekaa ndani yake naandika haya. Wanafunzi wake wametawanyika kila mahali. Ukiingia chumba cha pampu ukakuta chaki, jua mkono wake umefika. Wengine husema hata mimi ni mwanafunzi wake. Uongo. Nilikaa nyuma ya darasa lake miaka yote hiyo kuhakikisha hakosei.

Sasa lile la stoo. Uongozi unataka kulifunga darasa na kuweka humo, sikilizeni vizuri, viti. Haya. Mwalimu anaondoka kwa sababu ya umri, na umri hauna rufaa. Lakini darasa mkilizima, kanuni mnaijua: mngoje kelele. Msijichoshe kungoja, kelele ndiyo hii. Mlangoni nimeandika kwa chaki, LINA WENYEWE, na atakayefuta aje na mimi nipo.

Mama Zima, asante kwa kazi, na asante kwa kunivumilia, ingawa sikuwa msumbufu hata kidogo. Kapumzike sasa. Lala mchana bila kusikiliza pampu ya mtu. Tunakuombea afya, wajukuu wenye kelele na nyumba tulivu. Humo ndani zima utakavyo, ila muulize kwanza shemeji yetu kama ana sabuni usoni.

Anayebisha haya amuulize mhasibu mkuu, sweta bado analo. Amuulize mlinzi wa lango, aliyeniona na begi. Au apande paani kwa Simba. Tangu azimwe, hakuna aliyemuulizia hata siku moja. Wewe, Mwalimu, hata hujaondoka, na asubuhi ya leo mlinzi yule yule amechoka kunijibu kila nikimuuliza kama umeshafika.