Pilau Mbili za Dokta Najiat

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Dokta Najiat Sabiri atafunga mlango wa chumba cha hadubini katika kituo chetu cha utafiti, Tabora. Wengi wetu tulifukuzwa mlangoni pale walau mara moja kwa kosa la kuingia na simu inayowaka. Mwanga huzitesa seli zilizo hai, na Dokta hana mchezo na jambo hilo. Hata mkurugenzi hupiga hodi na kungoja.

Binti huyu wa fundi cherehani wa mjini alijitwisha kazi ngumu: kuyaona mafuta yakitembea ndani ya seli ya ini ikiwa bado hai. Mafuta hayaonekani kirahisi, kwa hiyo hupachikwa alama ya protini inayong'aa kijani. Yanapokwenda, ukijani nao unafuata.

Mwaka 2017 aliona matone ya mafuta yamekusanyika mafungu mafungu. Tukadhani tumeona ini linavyoanza kuugua. Pilau ikapikwa, wageni wakaalikwa, na Shilinde, fundi wetu wa maabara, akawaleta wazazi wake kutoka Bukene.

Wiki chache baadaye Dokta alirudia jaribio kwa alama ya aina nyingine, na mafungu yakatoweka. Kumbe alama za kwanza zilikuwa zikishikana zenyewe kwa zenyewe na kuyakokota mafuta. Ini la watu halikuwa na hatia. Waliojua ni yeye na Shilinde tu, na ripoti ilikwishatumwa kwenye jarida la sayansi. Angenyamaza, nani angemuuliza? Alituambia baadaye kwamba aliogopa sana, maana ugunduzi ule ndio uliompa jina.

Aliiondoa ripoti, akawaita wageni wale wale, akawapikia pilau nyingine na kuwaeleza kwamba ile ya kwanza waliila bure. Baba yake Shilinde akasema kama makosa ya wataalamu yana pilau, basi wasiache kukosea. Watu walicheka mpaka machozi. Mwaka uliofuata, kwa alama mpya, tuliyaona mafuta yakitembea tone moja moja, na seli iko hai.

Tangu hapo vijana humpelekea Dokta makosa kwanza, matokeo baadaye. Wiki iliyopita Shilinde aligundua kuwa kazi yake ya miezi mitano imeharibika. Alikwenda kumwambia kabla hata ya chai, na kicheko cha Dokta kikasikika hadi getini.

Asante sana, Dokta wetu. Mungu akujalie afya, usingizi mnono na wajukuu wenye kelele. Sisi tutabaki hapa tukikosea, na tutasema.