Bi Asmahani na Zamu ya Kuonja

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2026, Bi Asmahani Kombo, Mkuu wa Mipango wa Migahawa ya Upawa, anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa miaka ishirini na minne. Alipoingia, Upawa ilikuwa chumba kimoja pale Usagara, chenye meza chache na feni iliyozunguka ilipojisikia. Anatuachia matawi manne, Usagara, Ngamiani, Pangani na Mombo, pamoja na mabishano ambayo hayajaisha.

Enzi hizo, chakula cha haraka mjini Tanga kilimaanisha chipsi, na chakula cha maana kilimaanisha kumsubiri mhudumu mpaka njaa ipite. Bi Asmahani alikataa kuchagua kati ya mawili hayo. Aliondoa wahudumu wa mezani, akaweka kaunta ndefu na vyungu wazi mbele ya mteja: wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharage, mchicha. Mteja anapita na sahani yake, anaonyesha anachotaka, analipa, anakaa. Wazee wa mtaa walilalamika kwamba wanageuzwa wanafunzi wa bweni. Aliwajibu kwa sauti iliyofika barabarani: "Shikamooni wazee wangu. Huko bwenini mlikosoma, mlipewa samaki wa kupaka?" Foleni ilicheka, ikasogea. Hana sauti ndogo mama huyu, wala hajawahi kujifanya anayo.

Tawi alilolipenda kuliko yote ni la Mombo, na ndilo lililomtoa jasho kuliko yote. Alilifungua miaka minane iliyopita kwenye njia panda ya kupandia Lushoto, na Ramadhani ya kwanza ilipofika alilipelekea utaratibu wa Tanga mjini bila kuubadili: mchana milango imefungwa, jioni futari. Hakukumbuka kwamba wateja wake wengi kule ni Walutheri wanaoshuka milimani na Wakatoliki wa mashamba ya mkonge. Siku ya pili, adhuhuri, msimamizi wa tawi, Beatrisi, alipiga simu.

"Mama, watu huku wanauliza nani amefariki. Kuna mzee amevua kofia mlangoni."

"Hajafa mtu, mwanangu. Nimekosea mimi. Fungua."

Milango ilifunguliwa, na hapo tatizo likahamia jikoni. Mpishi mkuu, Sele, kijana wa Pangani, alikuwa amefunga, na wenzake kadhalika. Mchuzi uliokwenda kaunta siku hiyo ulikuwa na chumvi ya kutosha kukaushia samaki wa ng'onda. Wapo waliomkumbusha Bi Asmahani kwamba mpishi aliyefunga ana ruhusa ya kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Alijibu kwamba ruhusa anaijua, lakini hatamwomba mtu aitafute kwa ajili ya biashara yake.

Ndipo ilipozaliwa zamu ya kuonja, ambayo leo kila mfanyakazi wa Upawa anaifahamu. Mwezi wa Ramadhani, wapishi Wakristo huwaonjea wenzao Waislamu. Ijumaa za Kwaresima, Wakatoliki wanapoacha nyama, Waislamu huwaonjea supu. Hakuna chungu kinachokwenda kaunta kabla mwonjaji wa zamu hajatamka "iko sawa" kwa sauti. Tangu utaratibu huo uanze, jiko la watu wa dini moja halijawahi kuruhusiwa katika kampuni hii.

Mwaka jana Bodi iliagiza tathmini ya matarajio ya ukuaji wetu, na kazi hiyo akapewa ofisa mpya wa mipango, mhitimu wa chuo kikuu, ambaye ndiye anayeandika wasifu huu. Tathmini ilipendekeza mambo matatu: vipimo maalumu vya mapishi badala ya ulimi wa mtu, matawi matano kwa mkupuo Dar es Salaam, na kufungwa kwa tawi la Mombo, ambalo lilikuwa likijikongoja. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: mgahawa unaohitaji mwonjaji wa dini fulani katika kila jiko hauwezi kukua haraka. Bi Asmahani aliisoma yote, akaja na hoja yake. Tunachouza, alisema, ni chungu kilichopikwa mbele ya mteja na watu wanaoaminiana. Tukikimbia kabla ya kuwapata watu hao, tutafungua milango tu, si migahawa. Aliiomba Bodi iipe Mombo muda mpaka Idi na Pasaka zipite. Ikishindwa, angeifunga kwa mkono wake kabla ya kustaafu, na Beatrisi, Sele na wenzao wangetafuta kazi kwingine.

Mwaka huu, kama tunavyokumbuka, Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja. Ijumaa ya kwanza, Sele amefunga, Beatrisi, ambaye ni Mkatoliki, hagusi nyama, na chungu cha pilau ya nyama kinachemka. Aliyebaki wa kuonja ni Zabron, mpishi Mlutheri wa Soni. Bi Asmahani alimpigia simu asubuhi.

"Zabron, leo usiugue."

"Nikiugua je, mama?"

"Utaugua kesho."

Zabron hakuugua. Mchana tawi lililisha wasafiri, na kaunta ya samaki ikawavuta Wakatoliki. Magharibi waliofunga Ramadhani na waliofunga Kwaresima walikaa meza moja, kila mmoja akimkaribisha mwenzake. Mwezi Mei, baada ya kuona mauzo ya msimu huo, Bodi iliamua: Mombo inabaki, tawi la tano litafunguliwa Lushoto, na Dar es Salaam itasubiri. Vipimo navyo vilipita, kwa maharage, chapati na viungo vya pilau, na aliyevitetea kwa nguvu kuliko wote ni Bi Asmahani mwenyewe. Mchuzi wa nazi umebaki kwa mwonjaji. Kuhusu Dar es Salaam, ofisa wa mipango bado haoni kwamba ameshindwa, na ameahidi kuandika tathmini nyingine. "Andika, mwanangu," Bi Asmahani alimwambia. "Sasa nitakuwa na nafasi ya kusoma."

Wiki iliyopita alikwenda Mombo kuaga. Sele alikuwa ameinua kifuniko cha mchuzi wa nazi, na kwa heshima akamsogezea mama yetu upawa aonje yeye. Aliukataa. Akajiunga na foleni, nyuma ya kondakta mmoja wa basi, na kutoka huko akapaza sauti: "Beatrisi! Zamu ya nani? Wageni tuna njaa!" Beatrisi alionja, kisha akatamka: "Iko sawa, mama."

Bi Asmahani, ahsante kwa kutubishia, kutucheka na kutulisha. Mungu akupe afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na simu zetu, na umri mrefu wa kuona Lushoto ikifunguliwa. Siku hiyo karibu sana, ila foleni utapanga.