Ukuta Uliokuwa na Mimba

Akina mama, akina baba, ahsanteni kwa kunisogezea hii meza niishike. Miguu yangu haijazoea kusimama mbele za watu. Mungu anajua nilikotoka. Nyie mnajua nusu, na leo nawapa nusu iliyobaki.

Wengi wetu tumekulia pamoja huku vilimani Mwese. Wazazi wetu walivuka kutoka Burundi, sisi tukazaliwa hapa. Mnakumbuka ile miaka tuliyokuwa tunaambiwa tutahamishwa, tugawanywe mikoa mingine. Mnakumbuka tulivyoishi. Hakuna aliyepanda mgomba. Hakuna aliyechimba choo kipya. Mtu anayengoja lori achimbe choo cha nani?

Mimi nilifunga magunia mawili. Niliweka sufuria mpya, vitenge vya harusi yangu na blanketi zito, nikashona mdomo kwa kamba. Msicheke, hata nyie mlifunga. Tukawa tunapikia sufuria iliyotoboka, na nzima iko guniani.

Nilikuwa naishi na mume wangu, watoto wanne na mama mkwe. Nyumba yetu ilikuwa ya tofali mbichi, na ukuta wa chumba cha mama ulikuwa umevimba kwa ndani. Alikuwa mtu wa utani. Alikuwa akiupapasa na kusema, "Mkamwana, ukuta huu una mimba. Sijui utajifungua lini."

Namjibu, "Mama, utajifungua sisi tumeshaondoka."

Udongo ulikuwepo na maji hayakuwa mbali. Lakini nikitoka shamba saa sita, nilikuwa nashuka kwenye kibanda cha barabarani, kwa watu wa pikipiki, kuuliza habari za lori. Nakaa hapo hadi jua linageuka. Ndugu zangu, nawaambia, nilifanya hivyo miaka, na sikuiona kuwa ni uvivu. Niliiona kuwa ni kujiandaa.

Asubuhi moja ya masika mama aliniita. "Leo niletee hata mti mmoja tuuegemeze. Umeanza kunitazama."

Nikamwambia, "Kesho, mama."

Nilikuwa kibandani mtoto wangu wa pili aliponifuata mbio, miguu imejaa tope. Alinishika mkono akanivuta hadi nyumbani. Tulimkuta mama chini ya tofali, ungo wa maharage bado uko mapajani. Alikuwa anapumua. Pikipiki hazikuweza kupanda kwa utelezi, kwa hiyo wanaume wanne walimbeba kwenye kitanda kuelekea njia ya Mpanda. Wawili wao wamekaa hapo nyuma. Alikata roho kabla hatujafika mtoni. Tukageuka.

Mume wangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Baada ya mazishi alisema anashuka ziwani, Kapalamsenga, kutafuta kazi ya uvuvi. Hajarudi mpaka leo. Nikahamia jikoni na watoto wanne, kwenye kibanda cha nyasi, na ule ukuta nikauacha ulivyolala.

Halafu habari zikaja kwamba tunabaki. Mnakumbuka vigelegele. Mimi nilikaa kwenye jiwe nikajiuliza nilikuwa nangoja nini. Siku hiyohiyo nikaenda kufungua magunia, nikasema angalau watoto walale na blanketi. Nilipovuta, kitako cha gunia kikabaki chini. Mchwa walikuwa wameingia siku nyingi. Vitenge vilikuwa udongo. Blanketi lilikuwa udongo. Sufuria zilipona, lakini nilizitazama nikatamani zisingepona.

Jirani yangu, yule mama Msukuma mwenye ng'ombe, alinikuta hapo. Nilimwambia, "Wenzetu nyie mnahamahama kila mwaka. Mnawezaje?"

Akasema, "Dada, ng'ombe hajui kama kesho tunahama. Asubuhi anakamuliwa. Ukimwacha siku mbili tatu, kiwele kinaoza." Kisha akaupiga teke ule ukuta. "Udongo huu mzuri. Loweka leo."

Nikamwambia huu umemuua mama.

"Ndiyo. Unataka ulale hapo mpaka umuue nani mwingine?"

Hakuwa mpole, yule mama. Lakini alikwenda kwake akarudi na ndoo ya maji na kibao cha kufyatulia. Siku ile nilifyatua tofali sita, zote zimepinda. Nikajiwekea sharti: kila asubuhi, kabla sijashika jembe la shamba, tofali kumi. Nikiumwa, tano. Siku nikilia, nalia huku nafyatua. Mvua moja iliyeyusha kazi ya wiki tatu. Nilikokota lilelile tope nikaanza upya, safari hii nikafunika kwa nyasi.

Tanuru la kwanza lilikubali. Sasa nina vyumba viwili vya tofali za kuchoma, na migomba nyuma ya nyumba. Watu wanatoka hadi vijiji vya mbali kuniita niwafyatulie, na binti yangu mkubwa ameshika kibao kunishinda. Mkiniuliza kama nimefanikiwa, nasema ndiyo. Lakini chumba cha mama nimekijenga upya, na yeye yuko kaburini hatua ishirini kutoka mlangoni. Napita hapo kila asubuhi na ndoo yangu.

Nawashukuru mliobeba kitanda. Nawashukuru akina mama mlionipa nyasi bila kuniuliza zitatosha lini. Namshukuru yule jirani. Mwaka jana walihama na ng'ombe wao, kibao aliniachia. Siku ya kuondoka alikamua kwanza.

Sina neno kubwa la kuwafundisha. Kila mmoja wetu ana ukuta wenye mimba nyumbani, anaujua, na ameshauambia kesho. Tukimaliza hapa msije kunishika mkono. Jua bado liko juu. Nendeni mkaloweke udongo.