Kabla Sijaapishwa, Nilishtakiwa kwa Kujiita Wakili

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Kabla ya shukrani, niseme wazi mbele ya kanisa hili la Mbale: aliyehusika na yaliyonipata ni wakili aliyekuwa msimamizi wangu, mzee wa kanisa hili, aliyeketi safu ya mbele. Sisemi kwa chuki. Nasema ili mambo yajulikane yalivyokuwa.

Nilitumikia magereza kule Jinja hadi nikastaafu. Niliona mahabusu wengi wakirudi kutoka mahakamani bila kuelewa walichohukumiwa, nikamwomba Mungu anipe umri wa kuwasemea. Baada ya kustaafu nilisoma sheria, nikafaulu kozi ya uwakili pamoja na vijana walioniita babu, kisha nikaja hapa Mbale kufanya mazoezi ya uwakili katika ofisi ya mzee huyo. Ilibaki kuchunguzwa mwenendo wangu na kuapishwa.

Ndugu zangu, mtu asiyeapishwa akijifanya wakili ametenda kosa la jinai. Hilo nililijua vema. Hata hivyo msimamizi wangu alinitambulisha kwa wateja akisema, "Huyu ni wakili mwenzangu." Mmoja wao alikuwa Hajati Mwajuma, muuza vitambaa, aliyekuwa akigombania kiwanja cha duka lake. Siku ya kesi, msimamizi hakufika mahakamani. Kesi ikatupwa! Hajati alipolalamika kwa kamati ya nidhamu ya mawakili, mzee wetu alijibu kwamba ni mimi niliyejiita wakili na kuichukua kesi ile.

Hofu iliyonishika sikupata kuijua maishani. Chakula kilinishinda. Nyumbani Mafubira, kule Jinja, mlango ukigongwa, nilijua wamekuja kunikamata.

Kamati ilikaa Jinja, karibu na gereza nililolitumikia. Nilipopita langoni, askari niliyefanya naye kazi zamani alinipigia saluti. "Afande, unarudi kwetu? Tukutandikie kitanda?" Alikuwa akitania. Mimi niliharakisha hatua, kwa maana naijua sauti ya lango lile likifungwa, na safari hii ningekuwa upande wa ndani.

Shahidi wangu pekee alikuwa Hajati, naye ndiye mlalamikaji, mwenye hasira, aliyepoteza kiwanja. Angesema tu kwamba nilijiita wakili, uwakili wangu ungeishia pale, na lango lile lingenisubiri. Nikaomba kimya: Bwana, sina mwingine!

Mwenyekiti akamwuliza, "Mzee huyu alikwambia kwamba yeye ni wakili?"

Hajati alinigeukia. Sikuweza kumtazama.

"Huyu? Banange, jamani! Mimi naita yeye wakili, yeye anakataa. Kila siku, 'Bado, Hajati, bado sijaapishwa.' Mpaka mimi nachoka na yeye! Kwa duka yangu sisi naita yeye Afande Bado."

Wanakamati wakacheka. Mimi nililia. Naye akamgeukia msimamizi wangu: "Wewe ndiyo uliniambia huyu ni wakili, bwana mkubwa. Umesahau?"

Haleluya! Mungu alikitumia kinywa cha mama Mwislamu, ambaye nilikuwa nikimuudhi kila siku, akanitoa shimoni. Kamati iliniondolea shtaka, nami nimeapishwa, ndugu zangu! Wewe unayesingiziwa leo, unayeshtuka kila mlango ukigongwa, mtumaini Bwana. Shikilia neno la kweli hata likiwachosha wanaokusikia. Hujui atakayelikumbuka siku ya hukumu yako.

Lakini mimi nimetoka, Hajati hajatoka. Kiwanja chake kimechukuliwa, na mzee wetu bado anagawa meza ya Bwana Jumapili.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, natoa dai rasmi mbele ya mchungaji na kanisa. Mzee huyu aeleze alikuwa wapi siku ya kesi ile. Akiri kwa kamati kwamba maelezo yake juu yangu yalikuwa ya uongo. Airudishe kesi ya Hajati mahakamani kwa gharama yake mwenyewe, na hadi atakapofanya hivyo, aondoke safu ile ya mbele. Anayedai haya si Afande Bado tena. Ni wakili wa Hajati Mwajuma, naye anasubiri jibu.