Ndege Anayerudi Nyuma

Mshona nguo alikuwa amefumba macho ndani ya treni ya jioni, lakini masikio yalikuwa kazini. Kwenye kiti cha mbele, binti mwenye kompyuta ya mapajani alikuwa akimweleza fundi redio mstaafu, aliyekutana naye humo humo, kwamba anaandika programu ya kuigiza chipu ya kompyuta ya zamani.

"Ya nini, mwanangu? Si utumie hiyo mpya?"

"Mchezo wa kompyuta alionitungia mama nikiwa mdogo unaelewana na ile ya zamani tu, baba, nayo iliungua. Kwa hiyo hii naifundisha amri za mwenzake moja moja: jumlisha, toa, ruka."

"Na mama mwenyewe?"

"Yuko nyumbani. Macho yanazidi kufifia. Nataka auone kabla hayajazima."

Fundi aliinama kutazama. Kwenye kioo, ndege mdogo wa vinukta alikuwa akiruka kinyumenyume.

"Kumbe kazi imeisha! Mpigie simu ya video."

"Si unaona anarudi nyuma? Kwenye ile amri ya kutoa nimekosea mahali. Nikirekebisha ndipo nimwoneshe."

"Utarekebisha, naye haoni tena."

"Nimwoneshe kitu kibovu, baba?"

Uvumilivu ulimshinda mshona nguo. "Mpigie, mwanangu. Mama gani atauliza ndege anaelekea wapi?"

Wote wawili wakamgeukia mpelelezi wao. Bahati yake treni ilikuwa inasimama kituoni kwake. Aliteremka na aibu zake, kisha akachungulia dirishani. Binti alikuwa ameielekeza simu kwenye kompyuta, na fundi amevua kofia anakinga jua lisipige kioo.